Sura ya Sita: Moto, Kasi na Koti la Mvua

Koti la mvua limepewa kazi mbili ambazo kwa dhahiri hazipatani. Yalazimu lizuie maji yasiingie, na papo hapo liuachie mvuke wa jasho njia ya kutoka. Na mtu apandaye mlima mrefu, mwenye mzigo mgongoni na baridi usoni, hudhurika kwa kukosa kazi ya pili kama adhurikavyo kwa kukosa ya kwanza, kwa sababu shati lililolowa jasho huunyang'anya mwili joto lake sawasawa na shati lililolowa mvua. Watu wengi hudhani ya kuwa siri ya nguo ziwezazo kazi hizi mbili imo katika jina la dutu iliyotumiwa kuzifanya, na matangazo ya biashara huitia nguvu dhana hiyo mwaka baada ya mwaka. Madhumuni ya sura hii ni kuonyesha kwamba dutu ni mwanzo tu wa habari. Dutu moja, ikitoka katika gunia moja, yaweza kuwa kitambaa cha kumwokoa mtu katika theluji au kitambaa cha kumlowesha katika manyunyu, na kinachoamua baina ya mambo haya mawili ni hali za kiwandani: joto la tanuri, kasi ya mitambo, usafi wa kitambaa, unyevu wa hewa ya chumba, na uangalifu wa mkono wa mfanyakazi.

Koti la kwanza lililopata sifa kubwa duniani lilitiwa aibu na hali hizo hizo. Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza yake mwaka 1823 kwa kuyeyusha mpira ndani ya nafta, kimiminiko kitokanacho na lami ya makaa ya mawe, na kuupaka baina ya vitambaa viwili hata vikashikamana. Maji hayakupita, walakini mpira ule ulinata wakati wa joto, ukakakamaa wakati wa baridi, na ukanuka majira yote, na mafundi walipoushona walitoboa kwa sindano kile kilichokwisha kuzibwa kwa taabu. Dawa ilipatikana miaka 20 baadaye, wakati Charles Goodyear huko Marekani na Thomas Hancock huko Uingereza walipouchukua mpira ule ule, wakautia kibiriti kidogo na kuupasha moto kwa kiasi, ukaacha kuyeyuka na kukakamaa. Jasho, hata hivyo, lilibaki ndani.

Zaidi ya karne moja baada ya Macintosh, katika Vita Kuu ya Pili, Taasisi ya Shirley mjini Manchester ilijaribu njia isiyohitaji mpira kabisa. Marubani waliokuwa wakilinda misafara ya meli katika bahari za kaskazini, wakianguka majini, walikufa kwa baridi katika muda wa dakika chache, na nguo iliyotakiwa ni ile ambayo rubani angeweza kukaa nayo ndani ya ndege bila ya kuoga jasho, nayo ikamhifadhi siku ya maafa. Jawabu lilikuwa pamba ya nyuzi ndefu, iliyofumwa kwa mtande na mshindio uliobanana kupita desturi, hata nyuzi zilipoguswa na maji zilivimba na kuviziba vipenyo vilivyokuwa baina yao. Kitambaa hicho kikaitwa Ventile, na hadi leo kingali kikifumwa. Hakina utando, wala gundi. Nguvu zake zote zimo katika mbano wa mfumo, na mfumo huo ukilegezwa kidogo, pamba ile ile bora hurudi kuwa shuka.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, na ambacho nataka msomaji akae nacho kwa muda, ni cha politetrafluoroethilini, dutu ambayo wengi huijua kwa jina la Teflon kwa sababu ya vikaango vyao. Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, aliigundua mwaka 1938 bila ya kuikusudia: unga mweupe usiolowa maji, usioliwa na tindikali kali, na usioyeyuka ila kwa joto kubwa. Bill Gore, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, aliiacha na kuanzisha biashara yake mwaka 1958 pamoja na mkewe Vieve, katika chumba cha chini cha nyumba yao mjini Newark, katika jimbo la Delaware, wakitumia dutu hiyo kufunikia nyaya za umeme. Mwana wao Bob alitaka kuivuta ili kiasi kidogo cha dutu ghali kifanye kazi kubwa. Alizipasha moto fimbo za dutu hiyo tanurini, akazivuta kwa utaratibu na tahadhari kama akili ya kila fundi inavyoelekeza, na kila mara fimbo zilikatika. Mwezi wa Oktoba mwaka 1969, subira ilipomwishia, aliishika fimbo iliyotoka tanurini akaivuta kwa nguvu na kwa ghafula. Fimbo haikukatika. Ilirefuka kwa kadiri ya asilimia 800, na unene wake haukupungua kama ilivyotazamiwa, kwa kuwa ndani yake palikuwa pameingia hewa, hata sehemu kubwa ya mwili wake, kama asilimia 70, ikawa hewa tupu.

Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi walisema kweli. Katika jambo hili baraka ilikuwa ndani ya haraka yenyewe. Dutu haikubadilika: kilichobadilika ni kasi ya mkono. Tena hataza aliyopewa Bob Gore mwaka 1976 haikudai kwamba amevumbua dutu mpya, bali ilidai hali: kwamba utepe wa politetrafluoroethilini, ulio na fuwele nyingi na ambao haujapata kuyeyushwa, uvutwe kwa kasi ipitayo asilimia 10 ya urefu wake kwa kila sekunde, na joto lake likiwa baina ya nyuzi 35 za sentigredi na kiwango cha kuyeyuka kwake. Mtu wa New Zealand aitwaye John Cropper alikuwa amekwisha kuunda mashine ya kuivuta dutu hiyo miaka michache kabla, akaifanya siri. Na mahakama ya rufani ya Marekani, ilipoamua shauri la kampuni ya Gore na kampuni ya Garlock mwaka 1983, ilikataa kwamba siri hiyo ya mtu mwingine yatosha kumnyima Gore haki ya hataza yake. Mashauri ya miaka mingi, mawakili na gharama, yote yalihusu kasi na joto. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huu wa kuonyesha mahali ilipo thamani ya kitambaa.

Sasa tufuate mlolongo wa kazi. Unga wa dutu hii hutunzwa katika ubaridi, chini ya nyuzi 19, kwani juu ya kiwango hicho chembe zake hulegea, na zikitikiswa au kusuguana safarini hutoa nyuzi na kushikamana kabla ya wakati wake. Huchanganywa na mafuta mepesi ya kulainisha, ukasukumwa kwa nguvu kupitia tundu hata ukawa utepe, ukabanwa baina ya rola, kisha mafuta yale yakafukuzwa kwa moto. Ndipo unapovutwa, kwa urefu na kwa upana. Chini ya hadubini yenye nguvu huonekana vifundo vilivyounganishwa na nyuzinyuzi nyembamba mno, na baina ya nyuzinyuzi hizo ndimo vilimo vitundu. Na kadiri uvutaji unavyofanywa katika joto la juu zaidi au kwa kasi kubwa zaidi, vifundo huwa vidogo na hukaribiana, nyuzinyuzi huwa nyingi, na utando wote hulingana hali kila mahali. Mwishowe, utando ukiwa bado umeshikwa usijikunje, hupitishwa katika joto lipitalo nyuzi 327, ambalo huuthibitisha katika umbo lake na kuuongezea nguvu. Hatua hii ya mwisho ikifanywa kwa uzembe, kazi iliyotangulia huwa imepotea bure.

Kwa nini ulinganifu utafutwe kwa juhudi kubwa namna hii? Kwa sababu maji ni hodari wa kutafuta penye udhaifu. Msukumo unaotakiwa ili maji yapenye katika kitundu cha dutu isiyolowa huongezeka kadiri kitundu kinavyopungua upana. Upana ukiwa nusu, msukumo huwa maradufu. Kwa vitundu vyenye upana wa sehemu mbili za kumi za maikromita moja, hesabu sahili hutoa kima cha nguzo ya maji yenye urefu wa zaidi ya mita 40, ambacho hakuna mvua wala kamba za mkoba ziwezazo kukifikia. Lakini kitundu kimoja chenye upana wa maikromita 10, ambacho jicho haliwezi kukiona, hakistahimili zaidi ya mita moja hivi, na mpandaji akipiga goti juu ya jiwe lililolowa maji hupita hapo. Watengenezaji husema inchi moja ya mraba ina vitundu karibu bilioni 9. Sifa ya koti haitokani na wingi huo. Hutokana na kutokuwepo hata kimoja kilichozidi upana.

Hata baada ya hayo yote, makoti ya kwanza ya utando huu, yaliyoanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1970, yalivuja baada ya kuvaliwa. Mafuta ya ngozi na uchafu wa jasho vilipenya ndani ya utando, vikaifanya dutu isiyolowa ikubali kulowa, na maji yakapata daraja la kuvukia. Bob Gore na mwenzake Samuel Allen walijibu kwa kuongeza upande wa ndani tabaka nyembamba ya poliuretani ipendayo maji, nao wakapata hataza ya utando huo wenye tabaka mbili mwaka 1980. Tabaka hiyo haina matundu: huupokea mvuke upande mmoja na kuutoa upande wa pili, chembe kwa chembe. Ikiwa nene kidogo, jasho hukwama. Ikiwa nyembamba kupita kiasi, mafuta hupenya. Kwa hiyo sifa ya koti ikaangukia katika mikono ya mtu anayerekebisha unene wa upakaji kwa sehemu za maikromita.

Poliuretani yenyewe yaweza kuwa na matundu pia, na makoti mengi ya bei nafuu hutokana na njia hiyo. Huyeyushwa katika kimiminiko kiitwacho dimethilifomamidi, ikapakwa juu ya kitambaa, kisha kitambaa kikazamishwa katika birika la maji. Kimiminiko hukimbilia majini, maji huingia mahali pake, na poliuretani huganda kama yai litiwalo katika maji yachemkayo, ikiacha vitundu. Ubora wote hutegemea mwendo wa kuganda. Birika likiwa la maji matupu, kuganda huwa kwa ghafula, na pengine mapango marefu yenye umbo la kidole huchimbika ndani ya utando. Birika likiwa limekwisha kutiwa kiasi cha kimiminiko kile kile, kuganda hupungua mwendo na vitundu huwa vidogo, vilivyo sawa kama vya sifongo. Hivyo mfanyakazi asiyepima maji ya birika kila mara hutoa asubuhi kitambaa kimoja na alasiri kitambaa kingine, navyo vyote viwili hupewa jina moja. Wala hatari haimo katika kitambaa peke yake. Kimiminiko hicho huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, na hudhuru ini. Chumba kisicho na njia nzuri ya kutolea mvuke wake humlipisha mfanyakazi kwa afya yake bei ambayo mnunuzi haioni popote katika kitambulisho cha koti, na kwa maoni yangu kiwanda cha namna hiyo hakistahili kuitwa kizuri hata kama kitambaa chake kinazuia bahari.

Utando peke yake ni dhaifu, hauwezi kuvaliwa. Sharti ubandikwe juu ya kitambaa cha nailoni au polyesta, na aghalabu upewe kingine cha ndani. Gundi haipakwi kote, kwani ingeziba njia ya mvuke, bali hutiwa kwa vitone vidogo vitolewavyo na rola lenye vishimo. Vitone vikizidi, koti huwa la Macintosh tena. Vikipungua, tabaka huachana na malengelenge hutokea mabegani penye kamba za mkoba. Gundi nyingi za siku hizi ni za poliuretani zikazwazo na unyevu wa hewa yenyewe, nazo huhitaji siku kadhaa za kutulia. Katika majira makavu hukaza polepole, na msimamizi mwenye haraka ya kusafirisha shehena, akiyaondoa majora kabla hayajatulia, hupeleka nguo zitakazobanduka mikononi mwa watu wasiojua sababu.

Kitambaa cha nje nacho hutiwa dawa ya kuyafukuza maji, ili matone yawe duara na kuporomoka, kwani kitambaa cha nje kikilowa, hata kama utando haujavuja, mvuke hukosa pa kutokea na mvaaji hudhani anavujiwa. Dawa hii huhitaji mambo mawili: kitambaa safi, na moto wa kutosha, kwa kawaida nyuzi 150 na kidogo zaidi kwa dawa zilizozoeleka. Sabuni iliyobaki kutoka katika birika la kutia rangi, au wanga uliotiwa nyuzi kabla ya kufumwa usiooshwa ukaisha, huyakaribisha maji pale pale ambapo dawa ilikusudia kuyafukuza. Kwa miongo mingi dawa hizi zilikuwa za jamii ya florini, zenye nguvu kubwa. Lakini imedhihirika kwamba baadhi ya dutu zake hazioziki, husafiri katika maji na hukaa katika damu za watu, na mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm uliitia asidi ya perfluoroktanoiki, iliyotumiwa pia katika kutengeneza politetrafluoroethilini yenyewe, katika orodha ya dutu za kukomeshwa. Jimbo la California limeanza kuzizuia dutu za jamii hiyo katika nguo tangu mwaka 2025, likitoa muhula kwa nguo za mvua kali. Kampuni ya Gore nayo ilitoa mwaka 2022 utando wa polyethilini iliyovutwa. Mageuzi haya nayaunga mkono kwa moyo wote, lakini yana sharti: dawa zisizo na florini huyafukuza maji na haziyafukuzi mafuta, na hazisamehi makosa ya usafi ambayo dawa za kale ziliyafunika. Viwanda vilivyozoea ajizi vitaaibika.

Kuhusu mshono, maneno machache yatatosha, ingawa hapo ndipo makoti mengi yanaposhindwa. Kila tundu la sindano ni mlango, nao hufungwa kwa utepe wenye gundi unaobandikwa kwa hewa ya moto mkali na kubanwa baina ya magurudumu mawili. Joto, kasi na mbano vyote vitatu sharti vipatane: kwa mwendo wa haraka gundi haiyeyuki, kwa mwendo wa ajizi utando huungua. Mashine hupimwa, lakini penye makutano ya mishono minne, kwapani na kwenye kofia, ni mkono wa fundi unaoamua.

Mwisho kuna hali ambayo kiwanda hakiwezi kuitawala, nayo ni hali ya hewa ya mahali koti livaliwapo. Mvuke hutoka kwa sababu wa ndani umeushinda wa nje. Karibu na ngozi yenye nyuzi 34 msukumo wa mvuke wafika kilopaskali 5.3, katika hewa ya nyuzi 5 iliyojaa unyevu haufiki hata kilopaskali 0.9, bali katika hewa ya Mombasa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hukaribia kilopaskali 3. Tofauti iliyobaki pwani ni kama nusu ya ile ya mlimani, na kwa hiyo koti lile lile lisifiwalo katika baridi humchosha mtu katika joto. Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya msitu huliona jambo hili kwa mwili wake: chini, penye mvua ya vuguvugu, hulowa jasho ndani ya koti; juu, penye baridi kavu, koti lile lile humfaa.

Katika mlima huo huo kuna watu ambao habari hii inawahusu kuliko watalii, nao ni wapagazi, wengi wao wakivaa makoti ya mitumba au ya kuazima. Mjini Moshi kuna mradi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima nguo za mlimani bila malipo. Koti la mtumba limekwisha kuishi umri mmoja. Poliuretani yake, hasa ya namna ya polyesta, huvunjwa na unyevu na joto hata ikiwa imekunjwa kabatini, na katika hewa ya pwani yetu huvunjika upesi zaidi, ikanata, kisha ikabambuka magamba meupe. Ile ya namna ya poliether hustahimili zaidi, lakini kitambulisho hakisemi ni ipi, na watengenezaji wangalipaswa kukisemesha.

Basi ewe msomaji, ukilishika koti la namna hii sokoni, usianze kwa jina lililotariziwa kifuani. Ligeuze ndani nje, uipitishe mikono penye makutano ya mishono. Utepe ukiwa umeinuka, au utando ukibakia vidoleni kama unga au gundi, liache, kwani halina dawa. Likiwa zima ila maji yanalowesha kitambaa cha nje, lioshe kwa sabuni laini bila dawa ya kulainishia nguo, lisuuze mara mbili, likauke, kisha lipashe pasi ya joto la chini juu ya kitambaa kikavu, kama kitambulisho chake kinaruhusu pasi: joto hilo aghalabu huirudishia dawa ya kiwandani nguvu zake.